Ramu ya Karibi iliyokomaa pipani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa aliyenunua au kuzawadiwa chupa ya ramu ya miaka mingi na hataki iishie kwenye soda. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: namba ya miaka iliyoandikwa mbele ya chupa inakueleza jambo moja tu, na mara nyingi si lile kubwa. Namna molasi ilivyochachushwa, mtambo uliopikia, pipa, na joto la kisiwa, hivyo ndivyo utakavyovikuta kwenye glasi. Chombo cha kuvisomea ni pua, na pua inataka muda.

Ramu iliyokomaa ni ramu ya namna gani hasa?

Ramu yote hutokana na miwa. Nyingi hutengenezwa kwa molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Nyingine hutengenezwa kwa maji ya miwa mabichi. Huchachushwa, hupikwa mtamboni, na mvuke hupoozwa ukadondoka kama kinywaji kikali kisicho na rangi. Hapo tayari ni ramu. Ikitiwa ndani ya pipa la mwaloni na kuachwa kwa miaka, ndipo inapopata rangi ya dhahabu au ya kahawia, ulaini, na harufu za viungo.

Mapipa mengi ya Karibi yana ukubwa wa takriban lita 200 na yaliwahi kukaliwa na wiski ya bourbon. Sheria ya Marekani inadai bourbon ikomae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwa hiyo watengenezaji wa huko hubaki na mapipa mazima yaliyotumika mara moja, ambayo huuzwa kwa wengine. Vanila unayoisikia kwenye ramu ya Barbados ina asili yake humo.

Chupa yangu imeandikwa miaka 12. Je, ramu yote iliyomo ina miaka 12?

Inategemea imetoka wapi. Kwa watengenezaji wa Jamaika, Barbados na Guyana, namba hiyo ni umri wa ramu changa kuliko zote zilizochanganywa. Kama kuna tone la miaka 12, hata mengine yote yawe na miaka 20, chupa itaandikwa 12. Huo ndio utaratibu ninaouheshimu.

Wapo wanaotumia mfumo wa Kihispania wa kuchanganya mapipa ya rika mbalimbali kwa mfululizo, uitwao solera, na kwao namba inaweza kumaanisha ramu kongwe kuliko zote iliyomo, au isimaanishe umri kabisa. Zacapa ya Guatemala ina 23 kubwa mbele ya chupa, na watengenezaji wenyewe wanaeleza kuwa mchanganyiko wake una ramu za kati ya miaka 6 na 23. Hakuna aliyefichwa kitu akisoma maelezo yote, lakini wengi husoma namba tu.

Martinique, ambayo ni sehemu ya Ufaransa, ina daraja zilizowekwa na sheria: VO ni miaka 3 au zaidi, VSOP 4, na XO 6. Herufi hizohizo kwenye chupa ya kisiwa kingine zinaweza kuwa pambo tu. Usikisie.

Kwa nini watu husema miaka 12 ya Karibi ni mingi kuliko miaka 12 ya wiski ya Uskoti?

Kwa sababu ya joto. Pipa hupumua. Mchana kinywaji hutanuka na kupenya ndani ya mbao, usiku hurudi, na kila siku sehemu yake hupotea hewani. Uskoti kwenye baridi, upotevu huo ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Visiwani ni kama asilimia 6, na kwenye baadhi ya maghala huzidi.

Piga hesabu. Pipa la lita 200 likipoteza asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 zinabaki takriban lita 95. Baada ya miaka 21 zinabaki kama lita 55. Ramu ya miaka 21 ni ghali kwa sababu hiyo kabla hata hujalipia jina, chupa na sanduku. Na kile kilichobaki kimekolea mbao kiasi ambacho wiski ya umri uleule haijakikaribia.

Lakini kukolea kuna mpaka wake. Ramu ikizidi kukaa, tanini za mwaloni huleta ukakasi, mdomo ukakauka na matunda yote yakazama chini ya mbao. Nimeonja ramu za zaidi ya miaka 20 zilizokuwa nzuri kuzisimulia kuliko kuzinywa. Kwa ramu iliyokomazwa kwenye joto, naamini uzuri mwingi uko kati ya miaka 8 na 15, na fedha ya ziada baada ya hapo unalipia uhaba.

Angalia pia kama lebo inasema ilikomaa wapi. Kuna mapipa mengi ambayo husafirishwa yakiwa machanga hadi Ulaya na kukomalia huko kwenye baridi. Hayo si mabaya, ila miaka yake huenda polepole, na namba yake isilinganishwe moja kwa moja na ile ya kisiwani.

Ramu za visiwa zinatofautianaje?

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, na hapa ndipo ningemshauri mtu atumie fedha yake: chupa tatu za kawaida kutoka nchi tatu zitakufundisha kuliko chupa moja ya bei ya kutisha.

Jamaika ndiyo yenye sauti kubwa. Nenda kiwanda cha Hampden, katika jimbo la Trelawny, na utakuta uchachushaji wa aina ya peke yake. Hawatii hamira ya dukani. Wanaacha chachu na bakteria waliomo hewani na kwenye matangi ya mbao wafanye kazi, na molasi inaweza kuchachuka kwa wiki kadhaa. Humo huongezwa masimbi ya mtamboni yaliyobaki kwenye mpiko uliotangulia, ambayo yana asidi nyingi. Asidi zikikutana na alkoholi huzaa esta, na esta ndizo harufu za matunda: nanasi lililoiva kupita kiasi, ndizi mbivu, na nyuma yake kitu kinachofanana na gundi, rangi ya kucha au zeituni zilizotiwa chumvi. Kisha hupikwa kwenye mtambo wa chungu, unaopika mpiko mmoja mmoja, ambao haukamui harufu hizo zote nje.

Esta hupimwa kwa gramu katika kila hektolita (lita 100) ya alkoholi safi, na Hampden huipa kila aina herufi zake kulingana na kipimo. Iliyo juu kabisa inaitwa DOK, kati ya 1500 na 1600, na 1600 ndio mwisho unaoruhusiwa Jamaika. Ramu kali ya harufu namna hiyo haikukusudiwa kunywewa peke yake. Kwa vizazi vingi ilipelekwa Ulaya, hasa Ujerumani, ikaongezwa kidogo kidogo kwenye pombe isiyo na ladha, kwenye keki na peremende. Siku hizi kuna wanaoitafuta waionje yenyewe. Ukiwa mgeni, usianzie huko.

Jamaika hiyohiyo ina kiwanda cha Appleton, kwenye Bonde la Nassau, ambako kumbukumbu za kutengeneza ramu zinarudi hadi 1749. Wao huchanganya ramu ya chungu na ramu ya mtambo wa mnara, ile inayopanda ngazi kwa ngazi na kutoka ikiwa safi na nyepesi zaidi. Joy Spence alikabidhiwa uongozi wa kuchanganya ramu hapo mwaka 1997, mwanamke wa kwanza duniani kushika nafasi hiyo katika kiwanda cha ramu. Ganda la chungwa ambalo wengi hulinusa kwenye Appleton ndilo linaloitambulisha.

Barbados ni kisiwa cha mizani. Kiwanda cha Mount Gay kina hati ya mwaka 1703, na kiwanda cha Foursquare cha familia ya Seale, katika jimbo la Saint Philip, kimejenga heshima yake juu ya mambo mawili: ramu ya chungu na ya mnara zikichanganywa kwa ustadi, na kutotia sukari. Hakuna kitu kinachopiga kelele ndani ya glasi. Utapata nazi iliyokaangwa, vanila, korosho, ndizi, na mbao safi. Mtu akiniuliza ramu iliyokomaa inapaswa iweje, humwonyesha ya Barbados kwanza.

Guyana iko bara, Amerika Kusini, lakini kwa historia na biashara ni ya Karibi. Kiwanda cha Diamond, karibu na mto Demerara, kina mitambo mitatu ya mbao inayofanya kazi hadi leo, iliyookolewa kutoka mashamba yaliyofungwa: chungu pacha cha Port Mourant, chungu kimoja cha Versailles, na mnara wa Enmore. Mbao zinazokaa ndani ya mvuke wa pombe miaka yote hiyo huacha alama. Ramu ya Port Mourant ina harufu ya bizari tamu, ngozi, tumbaku na molasi iliyoungua, na ukishaijua huipotezi tena hata ndani ya mchanganyiko. Jeshi la Majini la Uingereza, lililowagawia mabaharia ramu kila siku hadi tarehe 31 Julai 1970, lilitegemea sana ramu za Guyana.

Martinique hutumia maji ya miwa mabichi, na tangu 1996 ramu yao inalindwa na alama ya asili ya Kifaransa, kama mvinyo. Hata baada ya miaka mingi pipani, ile harufu ya muwa uliokatwa sasa hivi, ya nyasi na pilipili manga, haiondoki. Aliyezoea ramu ya molasi huishangaa mara ya kwanza.

Kuba, Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico hupenda ramu nyepesi ya mnara. Mtindo huo uliimarika Santiago de Cuba, mahali ambapo kampuni ya Bacardí ilianzishwa mwaka 1862. Ni laini, kavu kiasi, na haina mengi ya kunusa.

Ya mwisho ni Caroni ya Trinidad. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mapipa yaliyobaki yamekuwa mali ya wakusanyaji. Inanuka lami na mafuta ya mashine, nami nasema hivyo kwa kuisifu.

Nahitaji glasi maalumu?

Unahitaji glasi inayobana juu, basi. Glasi ndogo ya mvinyo inatosha kabisa. Glasi fupi pana ya wiski hutawanya harufu, na ile ndogo ya kupiga kwa mkupuo haifai kwa kazi hii.

Naionjaje?

Mimina mililita 25 hivi, weka glasi mezani, na uiache kwa robo saa. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, na ndiyo inayobadilisha kila kitu. Ukali wa juu huondoka, na harufu nzito zilizokuwa zimejificha huanza kupanda. Wakati huo usivute sigara, usipake manukato, na usiketi karibu na jiko.

Kisha nusa kwa adabu. Anza glasi ikiwa usawa wa kifua, ipandishe hadi kidevuni, halafu karibu na pua, mdomo ukiwa wazi kidogo ili hewa ipite. Usiizungushe kwa nguvu kama mvinyo. Utaamsha alkoholi peke yake. Nusa mara moja fupi, ondoa, pumua hewa ya kawaida, rudi. Jaribu tundu moja la pua kisha jingine. Jiulize maswali mapana kabla ya yale madogo: ni tunda, kiungo, mbao, au kitu cha kuungua? Kama ni tunda, ni bichi, bivu, au kavu? Ukifika "kavu", chagua: zabibu, tende, ukwaju? Ukienda hivyo hutahitaji kukariri maelezo ya mtu mwingine.

Funda la kwanza liwe dogo, nusu kijiko cha chai, na usilihukumu. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo. La pili ndilo la kuonja. Lisambaze ulimini, chini ya ulimi, kwenye ufizi, na ulishike sekunde kumi. Mwanzo utasikia utamu au mafuta yake. Katikati hujitokeza viungo na ukakasi wa mbao. Meza, au tema kama unaonja kadhaa, kisha funga mdomo na utoe hewa puani. Harufu inayopita wakati huo ni nyingine kabisa, na kwangu hiyo ndiyo hutenganisha ramu nzuri na ramu kubwa. Hesabu ladha inakaa muda gani na inaishia wapi. Ikiishia kwenye ukali mtupu, kuna kilichopungua. Ikiishia kwenye kahawa, karafuu au ganda la chungwa, na dakika tatu baadaye bado ipo, furahi.

Glasi ikiisha, usiioshe. Inuse kesho yake asubuhi. Alkoholi imekwenda zake na kilichobaki ni mbao, tumbaku na molasi, wazi kuliko ulivyovisikia jana.

Nikinusa napata pombe tu. Nina kasoro?

Huna. Mara nyingi sababu ni joto. Vitabu vya kuonja huandikwa kwa vyumba vya nyuzi 18 hadi 22. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili iko juu ya 30, na alkoholi hukimbilia puani kabla ya kitu kingine. Weka chupa mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba, au tia glasi tupu kwenye friji dakika kumi kabla ya kumimina. Chupa yenyewe usiilaze kwenye friza. Onja asubuhi au usiku, na feni isikuelekee. Zaidi ya hapo, rudi nyuma kwa pua yako: shusha glasi hadi kidevuni na usubiri.

Maelezo ya wataalamu yanataja matunda ya Ulaya nisiyoyajua. Nifanyeje?

Tumia ya kwako, na si kwa kujifariji. Anayetaja keki ya Krismasi ya Kiingereza anaeleza utoto wake. Pwani yetu ina kabati la viungo ambalo waonjaji wengi wangelitamani.

Tena kuna sababu ya kikemia. Mwaloni uliochomwa hutoa eujenoli, na eujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Anayesema ramu yake inanuka karafuu anataja kitu kilichomo kweli, na aliyekulia Pemba ataitambua kabla ya mwenzake. Vanilini hutoka kwenye mbao hizohizo. Harufu ya nazi huletwa na laktoni za mwaloni, hasa wa Marekani. Ndizi ni esta moja inayojulikana, na nanasi ni nyingine. Fenesi lililoiva, lile linalojulisha kuwa lipo kabla hujafungua mlango, ndilo neno bora nililowahi kupata kwa ramu ya Jamaika yenye esta nyingi. Kwa ramu nzito za Guyana kuna ukwaju, sukari guru na kahawa iliyokaangwa sana. Kwa ukakasi wa mbao kuna bibo. Andika maneno hayo kwenye daftari lako bila kuomba radhi.

Nitie maji au barafu?

Maji, ndiyo, ila tone kwa tone. Kwa ramu yenye alkoholi ya asilimia 40 hadi 43 onja kwanza bila kitu. Kwa ile ya 46 na kuendelea, na hasa zile za 55 au 60, matone machache ya maji safi hufungua harufu zilizobanwa. Ongeza, subiri dakika mbili, nusa. Ukizidisha, harufu hurudi nyuma, kwa hiyo usimimine kutoka kwenye jagi.

Barafu huua harufu na kukaza ladha. Kama unapumzika tu jioni ya joto na ramu ya kawaida, tia barafu na ufurahi. Kama umekaa kuonja chupa ya miaka 12, usitie.

Ramu yangu ni tamu sana. Ndiyo ubora wenyewe?

Ramu inapotoka mtamboni haina sukari hata kidogo. Pipa huongeza hisia ya utamu kwa vanila na mbao iliyochomwa, lakini utamu unaonata midomoni kama sharubati kwa kawaida umetiwa baadaye. Hili naliona ni jambo zito, kwa sababu sukari hufunika kasoro na kuifanya ramu changa ijifanye kongwe. Mnunuzi ana haki ya kujua analipia nini.

Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha gramu 20 za kitamu kwa lita kwa kinywaji kinachouzwa kwa jina la ramu. Gramu 20 bado ni nyingi. Duka la serikali la Finland, Alko, huchapisha kiwango cha sukari cha kila chupa kwenye tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kutazama. Wengine hutumia kipimo cha kuelea cha alkoholi nyumbani: sukari huongeza uzito wa kimiminika, kwa hiyo kipimo kikisoma chini sana ya kilichoandikwa kwenye lebo, kuna kilichoongezwa. Jamaika na Barbados zina sifa nzuri katika hili. Ramu yenye viungo vya kutiwa ni kinywaji kingine, isome hivyo.

Nyeusi zaidi ni kongwe zaidi?

Hapana. Rangi ya karameli huruhusiwa karibu kila mahali na hutumika sana. Zipo pia ramu zilizokaa miaka pipani kisha zikachujwa kwa mkaa hadi zikawa karibu nyeupe. Usiamini macho.

Ni dhambi kuichanganya?

Kokteli ya kwanza ya Mai Tai, iliyobuniwa na mwenye mkahawa Trader Vic huko California mwaka 1944, ilitengenezwa kwa ramu ya Wray & Nephew ya miaka 17. Kwa hiyo si dhambi. Ila iheshimu: ndimu, kitamu kidogo, basi. Soda ya kola ina viungo na sukari vya kuizika ramu yoyote ya zaidi ya miaka 8, na hapo umetupa fedha.

Hii inatofautianaje na vinywaji vyetu vya miwa, kama Kenya Cane?

Asili ni moja, lengo ni tofauti. Kinywaji kama Kenya Cane hupikwa kiwe safi na chepesi, kifae kuchanganywa. Hakikukusudiwa kubeba harufu ya uchachushaji wala ya pipa. Kukionja kwa utaratibu huu ni kukidai kisichoahidi.

Kwa nini chupa zinajivunia miaka ya 1700 bila kutaja waliofanya kazi?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. 1703, 1749, na tarehe nyingine za namna hiyo ni za enzi ya utumwa. Waliokata miwa, waliosaga, waliochemsha sukari na waliosimamia mitambo walikuwa Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu na watoto wao waliozaliwa utumwani. Ramu yenyewe ilivushwa hadi pwani ya Afrika Magharibi na kutumika kununulia watu wengine. Katika makoloni ya Uingereza sheria ya kukomesha utumwa ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834, lakini wengi waliendelea kufungwa kwa wamiliki walewale kwa jina la uanagenzi hadi 1838. Ufaransa ilikomesha mwaka 1848.

Ninapenda ramu, na kwa sababu hiyo sipendi tarehe hizo zitumike kama urembo. Ujuzi wa kusoma povu la molasi na kujua lini pa kukata mpiko ulikaa mikononi mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa. Wajukuu wao ndio wanaofanya kazi katika viwanda hivyo leo, na baadhi yao ndio wanaoamua ramu ionje vipi. Chupa inayokomalia na kufungwa kisiwani huacha kwao kazi na thamani zaidi kuliko ile inayotoka ikiwa shehena ya matangi.

Kiasi gani ni cha kuonja?

Mililita 30 za ramu ya asilimia 43 zina alkoholi kama ile iliyomo katika nusu ya chupa ya bia ya mililita 500. Glasi mbili kama hizo kwa jioni zinatosha kabisa. Baada ya hapo pua imechoka na daftari lako litaandika uongo. Ukionja ramu nyingi kwa pamoja, tema. Kunywa maji kati ya glasi na glasi, kula kabla, na usiendeshe gari wala bodaboda.

Nile nini nayo?

Korosho zisizo na chumvi, chokoleti nyeusi, au kahawa chungu pembeni. Tende moja kwa ramu ya Guyana ni jambo la kujaribu. Halwa ni tamu mno. Baada yake ramu yoyote huonekana kali na tupu.

Nianze na chupa gani?

Appleton ya miaka 12 kwa Jamaika, Doorly's ya miaka 12 au Mount Gay XO kwa Barbados, El Dorado ya miaka 15 kwa Guyana ukikumbuka kwamba ina utamu zaidi ya hizo nyingine. Ukishazijua, tafuta Hampden ya miaka 8, yenye asilimia 46. Hazipatikani kila duka, na bei hupanda zikivuka bahari, kwa hiyo watu watatu wanne kuchangia chupa ni njia nzuri, tena mnapata wa kubishana naye.

Ukinunulia Tanzania au Kenya, kagua stempu ya kodi na uiskani kwa simu, tazama muhuri wa kifuniko, na ukatae chupa yenye lebo iliyobandikwa upande au bei isiyoaminika. Pombe kali bandia huua.

Nikishafungua chupa, itakaa muda gani?

Isimamishe wima; pombe kali hula kizibo kikilowa. Weka kabatini mbali na jua na mbali na jiko. Haitaendelea kukomaa ndani ya kioo, kwa hiyo chupa ya miaka 12 uliyoiweka miaka 10 bado ni ya miaka 12. Ikiwa imejaa zaidi ya nusu, mwaka mzima haitabadilika sana. Ikishuka chini ya theluthi, hewa iliyomo huanza kuipunguzia harufu za juu, na katika joto letu hilo huja haraka. Ihamishie kwenye chupa ndogo iliyo safi na kavu, ijaze hadi shingoni, na uandike jina na tarehe.